KABLA YA KUJAZA FOMU YA UDAKTARI, KAENI KWANZA KWENYE BENCHI LA WAGONJWA



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, huwa hatukosi vijana wanne watano wanaofika ofisini baada ya Alasiri wakiwa na swali moja. Wengine huja na baba zao. Swali lenyewe ni hili: "Ustaadh, mimi nataka kuwa daktari. Je, chuo kitanidai niwe nimeshawahi kufanya kazi hospitali?" Mwaka huu wamezidi, na wengi wao ni mabinti, jambo lililotufurahisha sana. Tumeonelea jibu tuliandike humu lisomwe na wote, kwa sababu tukilitoa kwa mmoja mmoja huwa tunasahau nusu yake.

Jibu la haraka ni hapana. Hapa Tanzania anayeomba kusomea udaktari wa binadamu huangaliwa alama zake. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa miaka ya karibuni umetaka ufaulu wa Kidato cha Sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi zisizopungua 6. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kupata nafasi ni habari nyingine, maana waombaji ni wengi na wanaochukuliwa aghalabu wako juu sana ya hapo. Lakini katika fomu nzima hakuna mahali utakapoulizwa kama umewahi kuingia wodini, ukiwa mgonjwa au ukiwa msaidizi.

Kwingine si hivyo. Marekani kijana humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha hufanya mtihani wa kuingilia, na anapoomba hutarajiwa aeleze ni wapi alimfuata daktari akiwa kazini na ni wapi alijitolea kuhudumia wagonjwa. Uingereza huingia moja kwa moja toka sekondari kama sisi, ila vyuo huwaita kwenye usaili na kuwauliza wamejifunza nini walipokaa na wagonjwa au wazee. Tunayataja haya kwa sababu baadhi yenu mmesoma ushauri wa huko na mkaingiwa hofu kwamba mmeshachelewa. Hamjachelewa. Hiyo ni kanuni ya wenzetu.

Hata hivyo, tunataka kuwaambia kwamba kutoulizwa huko ndiko kunakotutia wasiwasi. Asiyeulizwa hujikuta ameingia.

Tunaye kijana wetu mmoja ambaye tulimsomesha Juzuu Amma hapa hapa akiwa mdogo, miguu haijafika chini akikaa kwenye benchi. Hatutamtaja jina, ingawa mwenyewe ameturuhusu tusimulie. Alikuwa na akili ya kuogopesha. Tangu darasa la tano tulikuwa tukimwita daktari, naye akaitika. Akafaulu, akapata chuo, na baba yake akauza vitunguu vya misimu miwili ili kuongezea pale mkopo wa serikali ulipoishia. Miaka miwili ya mwanzo ya udaktari kwa sehemu kubwa ni ya darasani na maabara: maumbile ya mwili, kazi za viungo, kemia ya mwili, vijidudu. Kijana alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Hata miili ya maiti wanayojifunzia haikumshtua.

Mwaka wa tatu wakaanza kuingia wodini, na hapo ndipo alipokwama. Alituambia baadaye maneno ambayo tumeyahifadhi: "Si damu iliyonishinda. Ni yule mgonjwa kunitazama akingoja nimwambie kitu." Hakulala vizuri, akaanza kukwepa zamu, na kabla mwaka haujaisha akarudi nyumbani na begi lake. Baba yake alidhani ni uvivu. Hawakuzungumza karibu mwaka mzima, na sote tulioishi nao tunakumbuka jinsi ilivyokuwa nzito. Leo kijana anafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari, anafundisha vizuri na anaipenda kazi yake, lakini deni la Bodi ya Mikopo la miaka ile mitatu analilipa kutoka kwenye mshahara wa ualimu.

Hatumlaumu. Tunajilaumu sisi, kwa sababu katika miaka yote tuliyomwita daktari hakuna hata mmoja wetu aliyempeleka akakae asubuhi moja tu katika zahanati. Udaktari ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari likusajili. Nguo ya Idi tunaijaribu mwilini kabla ya kulipa. Miaka sita tunainunua tukiwa tumefumba macho!

UZOEFU NI UPI HASA?

Wengi wenu mnapolisikia neno uzoefu mnafikiria sindano, kushona jeraha na ile mashine ya kusikilizia kifua. Hivyo vyote havikuhusu bado, na tutaeleza mbele kwa nini. Uzoefu anaouhitaji kijana wa umri wenu ni wa namna nyingine, na lugha yetu imeshautenga. Kuna kuganga na kuna kuuguza. Aliyewahi kumuuguza bibi yake aliyepooza, akamgeuza ubavu usiku ili ngozi isichubuke, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akafua shuka bila kukunja uso, huyo ameshapata somo ambalo wengine hulipata mwaka wa tatu wa chuo. Hospitali zetu kwa kiasi kikubwa zinawategemea ndugu wa mgonjwa kuleta chakula, kufua na kukesha. Kwa hiyo wapo kati yenu ambao tayari mna uzoefu na hamjui kwamba mnao. Jiulizeni tu: ulipokuwa ukiuguza, ulikuwa ukitamani kukimbia, au ulichoka lakini ukataka kujua zaidi?

Jambo la pili ni kuona jinsi mtu mwenye elimu anavyofikiri mbele ya mgonjwa. Hili nalo si geni. Ibn an-Nadim, aliyeandika Baghdad katika karne ya 10, amesimulia jinsi tabibu mashuhuri Abu Bakr ar-Razi alivyokuwa akikaa na wanafunzi wake. Mgonjwa alipofika alielezea shida yake kwanza kwa wanafunzi wachanga. Wakishindwa hupelekwa kwa waliowazidi, na hao wakishindwa ndipo ar-Razi mwenyewe huzungumza. Mwanafunzi mchanga hakufungiwa nje mpaka amalize vitabu. Alikuwapo, akisikia mgonjwa akieleza, akisikia wakubwa wakikosea na kusahihishwa. Msingi huu wa kusoma kando ya kitanda ndio unaotumika hadi leo katika wodi za mafunzo za Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya.

TUNAISHI KWENYE DARASA KUBWA

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa hatukai mjini hatuna pa kujifunzia. Sisi tunaona kinyume chake. Kaa asubuhi moja kwenye benchi la nje la zahanati au kituo cha afya chochote kilicho kando ya barabara hii, usikilize tu.

Atakuja mama kapanda bodaboda na mtoto anachemka. Sisi tuko bondeni, penye joto, mto na mifereji ya umwagiliaji, na mbu wa malaria wanapapenda. Wenzetu wa Iringa mjini, huko juu kwenye baridi, wanaijua malaria kidogo kuliko sisi. Utaona muuguzi akimtoboa mtoto kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, kisha kungoja dakika kama kumi na tano hivi mistari itokee. Hapo muulize, akiwa na nafasi, kwa nini hampi dawa mara moja ilhali mtoto ana homa. Atakueleza kwamba si kila homa ni malaria, kwamba kichomi na maambukizi ya mkojo navyo huleta homa, na kwamba zamani homa zote zilitibiwa kama malaria. Mkongwe zaidi atakusimulia jinsi klorokwini ilivyoacha kufaa ikaondolewa 2001, ikaja SP, nayo mwishoni mwa 2006 ikaipisha dawa mseto tunayoitumia. Hayo hayamo katika kitabu chako cha Kidato cha Tatu, na utakuwa umeyapata kwa kukaa kimya.

Atakuja kijana wa shambani ameshikwa mikono na wenzake. Anatoka jasho, mate yanamtiririka, machozi yanamtoka, anatapika na kifua kimebana. Jana alikuwa akipulizia dawa ya wadudu kwenye vitunguu, bila kinga usoni, upepo ukimrudishia. Mhudumu atamwangalia mboni za macho na kuzikuta zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hiyo ni sumu ya baadhi ya dawa za wadudu, na dalili zote zile zina chanzo kimoja: sumu imezuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, basi tezi zikawa zinafanya kazi bila kusimama. Wale mnaolalamika kwamba mada ya mfumo wa neva haina maana, nendeni mkaangalie mboni za yule kijana. Na kama baba yako analima vitunguu, utarudi nyumbani na la kumwambia.

Kisha iko barabara. Mlima Kitonga mnaujua. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yanaupanda kwa kunung'unika na mengine hushuka breki zimechemka. Ajali ikitokea, vituo vya karibu hupokea majeruhi kabla hawajapelekwa hospitali kubwa, upande huu Mikumi, upande ule Ilula au Iringa. Siku kama hiyo mwanafunzi hana kazi humo ndani, na akiambiwa atoke atoke. Lakini nje kuna kazi: kuwazuia watu wasijazane mlangoni, kuchota maji, kukaa na mtoto ambaye mama yake yuko ndani, kumwelekeza ndugu wapi polisi wanatoa ile fomu ya PF3. Mmoja wa wanafunzi wetu wa kike alikaa saa tano na mtoto wa namna hiyo, asiyemjua, aliyekuwa akisafiri na basi. Hakujifunza tiba yoyote siku ile. Sasa yuko mwaka wa nne wa udaktari, na anasema hiyo ndiyo siku anayoikumbuka masomo yanapomwelemea.

Siku za kliniki ya mama na mtoto ni tulivu zaidi na ndizo tunazopendelea kuanzia. Kuna kupanga foleni, kuita namba, kusaidia kuning'iniza mtoto kwenye mzani, kusoma kilo kwa sauti muuguzi aandike. Utaona mstari wa ukuaji kwenye kadi ukipanda, na mara moja moja utauona umelala, na utaona jinsi muuguzi mwenye hekima anavyomuuliza mama anamlisha nini mwanawe bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Watoto wa kiume wanaweza kusaidia mapokezi na usafi. Chumba cha kujifungulia hakiwahusu, na mabinti pia hawaingii mpaka mkunga aseme na mama mwenyewe aridhie.

Msisahau vilevile Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho hufundisha huduma ya kwanza, na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Kumfuata mhudumu wa jamii siku nzima juani ni kipimo kizuri cha nia kuliko kukaa ofisini na koti jeupe.

NJIA NDEFU: UTABIBU KWANZA

Sasa tuzungumze na wale ambao matokeo hayakuwa kama walivyotarajia, au ambao nyumbani hakuna uwezo wa kungoja miaka mingi hadi mtoto aanze kazi. Iko njia ambayo Watanzania wengi waliipita, nayo inakupa uzoefu wa kweli kabla ya udaktari: kusoma utabibu.

Hii ni stashahada ya miaka mitatu chini ya NACTVET, lile baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Unaingia na Kidato cha Nne, kwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. (Tunasisitiza: yasiyo ya dini. Kila mwaka yupo anayehesabu alama yake ya Elimu ya Dini ya Kiislamu akajikuta amepungukiwa somo moja.) Vyuo viko vingi, na kwa upande wetu Kilosa na Mafinga si mbali. Ukihitimu ni Tabibu. Wewe ndiye utakayemwona mgonjwa wa kwanza asubuhi na wa mwisho usiku katika zahanati, utapima, utaandika dawa, na utaamua nani apelekwe mbele.

Baada ya hapo mlango wa chuo kikuu haujafungwa. TCU huwakubali wenye stashahada ya utabibu waombe udaktari, kwa sharti la wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na alama za Kidato cha Nne katika masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza. Masharti hubadilika, basi someni mwongozo wa mwaka wenu wenyewe na msitegemee ya kaka zenu, wala haya yetu. Ifakara, ambako kuna chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kilichoanza 2010, na Mbeya, kwenye ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa mahali panapofundisha udaktari bila ya kwenda pwani.

Zamani kulikuwa na ngazi nyingine katikati. Tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa alirudi shule miaka miwili akawa Daktari Msaidizi, na akaruhusiwa kufanya upasuaji, hasa wa kujifungua. Msidhani walikuwa mafundi wa kubahatisha. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulikuta kwamba upasuaji mwingi wa dharura wa uzazi ulifanywa na hao, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari. Mafunzo hayo yamekoma, na siku hizi anayetaka kupanda huenda moja kwa moja kwenye shahada. Tunawataja kwa sababu nchi hii, ambayo mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, iliendeshwa kwa mikono yao kwa miongo mingi. Anayekudharau kwa kuanzia utabibu hajui nani aliyemzalisha mama yake.

Njia hii ina gharama zake, tusifiche. Ni ndefu. Wengi huanza kazi, huoa au huolewa, hupata majukumu, na ile nia ya udaktari hubaki kuwa maneno. Pia vyuo vikuu huwapa nafasi chache kuliko wa Kidato cha Sita. Tunaijua familia ambayo tabibu alitimiza miaka tisa kazini ndipo akaomba, na akakaa darasa moja na watoto aliowapa chanjo. Anasema aliona aibu wiki ya kwanza. Walipoingia wodini wao ndio waliomfuata yeye.

KOSA LETU

Tulisema tutaeleza kwa nini kuna mambo hayawahusu. Kwa miaka miwili, baadhi yenu mnakumbuka, madrasa ilikataa kutoa barua za kujitolea kwenye vituo vya afya, na hatukusema sababu. Tunaisema sasa.

Tulimpeleka mwanafunzi wetu wa miaka 17 katika kituo kimoja. Tulimwandikia barua ya mistari mitatu na kumtakia kheri. Hatukumfundisha lolote. Kituo kilikuwa na upungufu wa watu, kikamweka apange mafaili. Humo akaliona jina la jirani, na akaelewa jirani yule anakuja kuchukua dawa gani kila mwezi. Hakwenda kumtangaza. Alimwambia mama yake peke yake, tena kwa huruma, ili wamwombee dua. Siku ya tatu habari ilikuwa sokoni. Yule mama aliacha kuja. Alipofuatiliwa na kupatikana ilikuwa imepita miezi minne bila dawa, amekonda, na amemwachisha mwanawe madrasa yetu. Alirejea kwenye tiba, alhamdulillahi, lakini kwetu hakurejea, na hatuna haki ya kumtaka arejee.

Kijana aliomba radhi akilia. Lakini yeye alikuwa mtoto na sisi tulikuwa watu wazima. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inakataza kutoa siri ya namna hiyo, na hata kama isingekuwepo sheria, amana ni jambo tunalolifundisha kila wiki hapa. Tulilifundisha kwa mifano ya fedha na mizigo. Hatukuwahi kusema kwamba jina lililo kwenye faili nalo ni amana.

Kwa hiyo mambo yamebadilika. Anayetaka barua hukaa kwanza jioni mbili na muuguzi aliyekubali kutusaidia. Mapatano na vituo ni kwamba wanafunzi wetu hawashiki mafaili, hawakai kwenye dirisha la dawa, hawaingii kliniki ya tiba na matunzo. Mgonjwa akisema hataki mwanafunzi awepo, mwanafunzi hutoka bila kununa. Unachokiona hukisemi nyumbani, si kwa mama, si kwa rafiki, wala kwa dua yenye jina. Ukikutana na mgonjwa barabarani usimsalimie kwa namna ya kumkumbusha mlikutana wapi.

Halafu kuna suala la neno "dokta". Watu wetu ni wakarimu wa vyeo. Ukikaa kituoni siku nne utaitwa dokta na wazee wanaokuzidi miaka hamsini, na usipoangalia utaitika. Msahihishe kila mara: "Mimi mwanafunzi tu, babu, dokta yuko ndani." Yuko kijana wa mtaani ambaye hakusahihisha. Baadaye akachukuliwa kusaidia katika duka moja la dawa, akawa anachoma watu sindano nyuma ya pazia. Maduka ya dawa muhimu hayaruhusiwi kuchoma sindano, hata akiwepo mwenye elimu, seuze yeye. Aliyeumia mguu alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Usichome, usishone, usitoe dawa, usiweke dripu, hata mhudumu aliyechoka akikwambia "jaribu tu." Usiokote sindano iliyoanguka. Ikitokea umechomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, na mwambie mganga mfawidhi dakika hiyo hiyo, kwani dawa ya kinga ya virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo, na haizidi saa 72. Kuna walioficha kwa kuogopa kugombezwa. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Waliozaliwa baada ya 2002 aghalabu waliipata utotoni, wengine wanahitaji dozi tatu ndani ya miezi sita.

LINI, NA KWA BARUA IPI

Muda mzuri kuliko wote ni ule wa baada ya mtihani wa Kidato cha Nne. Mnamaliza Novemba na Kidato cha Tano huanza Julai, zaidi ya miezi sita. Wengi huijaza kwa masomo ya ziada, nayo ni mazuri, lakini asubuhi mbili kwa wiki hazitaharibu Kemia yako. Baada ya Kidato cha Sita muda hubana kwa sababu ya JKT na maombi ya vyuo. Wiki sita hadi nane zinatosha. Ukiona siku za mwanzo umezimia kwa kuona damu, usikate tamaa, kaa chini, kunywa maji, urudi kesho. Wengi huzoea. Lakini ukiona wiki ya tano bado unaamka na mzigo kifuani kwa kuwa leo ni zamu yako, njoo tuzungumze, na hakuna atakayekucheka. Ufamasia, maabara, ualimu na uhandisi wa maji vyote vinawahitaji wenye kichwa cha sayansi.

Weka daftari. Andika ulichokiona bila jina, bila mtaa, bila kazi ya mgonjwa, na chini yake andika ulichokuwa hukielewa. Mfano: "Mtoto wa kike, homa siku mbili, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, kapimwa mkojo. Sikuelewa: kwa nini mkojo?" Daftari hilo utalisoma mwenyewe usiku wa kuamkia siku ya kujaza fomu. Kama utaomba chuo cha nje, ndilo utakalolitegemea kwenye usaili.

Barua huandikwa kwa mganga mfawidhi wa kituo, na kwa hospitali hupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Itaje umri wako, kidato, siku unazoweza kufika, na kwamba unaomba kuangalia na kusaidia kazi zisizo za tiba. Aliye chini ya miaka 18 mzazi atie sahihi. Ofisi inazitoa tena kuanzia mwezi ujao, Jumamosi baada ya Alasiri. Njoo na mzazi, kadi ya chanjo kama ipo, na daftari jipya lisiloandikwa kitu.